Pale Barabara Ilipotitia

Mahali pangu pa biashara nilipewa na takataka, na sioni aibu kusema. Enzi za Mwingereza, barabara ya kutoka mtaa wetu wa Gongoni, mjini, kwenda kijiji cha Kwihara ilipita juu ya jalala la zamani. Awali lilikuwa shimo la watu waliochimba udongo wa kujengea, na sisi wa mtaa ule tukalijaza majivu, magunzi, maganda ya karanga, vyungu vilivyovunjika na makopo ya madukani. Nilipokuwa msichana nilimwaga humo taka za nyumba yetu kila asubuhi. Kisha wakaja vibarua wa serikali, wakamwaga changarawe juu, wakashindilia, wakasema barabara imekwisha.

Imekwisha wapi! Taka huoza polepole, na kinachooza hupungua. Kila mvua zilipokatika, barabara ilikuwa imetitia pale pale, ikafanya kibonde ambacho hukivuki juu ya baiskeli yenye mzigo. Waliotoka Kwihara na madebe ya asali walilazimika kushuka na kusukuma. Na mtu akishashuka, akasikia harufu ya vitumbua vya moto, hapandi tena upesi. Nilikuwa nimeshaolewa wakati huo. Nikaweka jiko langu ukingoni, na lilikuwa kitu changu cha kwanza nilichokuwa nacho mwenyewe tangu nizaliwe.

Mnyapara wa barabara alikuwa mteja wangu. Kila mwaka alileta vibarua wakajaza changarawe, na kila mwaka alikuja kunywa chai huku akitazama kazi yake inavyozama.

"Mama, hapa tunalisha fisi," aliniambia.

Mwaka mmoja aliagiza chai asiinywe. "Safari hii tunachimba mpaka udongo mgumu," alisema. "Taka zote zinatoka, tunapanga mawe. Kibonde ndiyo basi tena. Nimeona nikwambie mwenyewe."

Nilicheka sana. Nilimwambia ninalijua tumbo la barabara ile, maana nililijaza mimi, na halishibi. Mume wangu, aliyekuwa fundi wa reli, hakucheka.

"Hamia sokoni mapema, mke wangu."

"Sokoni kila hatua mbili kuna muuza vitumbua. Mimi sihami."

Wakachimba kweli. Uvundo wake sitausahau. Katika yale yaliyotolewa nikaona kigae cha chungu cha mama yangu, chenye alama alizokuwa akizipiga kwa gunzi. Nikakiokota, nikakiweka chini ya jiko ili lisiyumbe. Kisha nikachungulia shimoni, nikaona udongo mwekundu, mkavu, mgumu, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu kwa mara ya kwanza.

Mvua zikanyesha, zikakatika. Barabara ilikuwa imenyooka kama sinia. Nilikosea, tena nilikosea kwa sauti kubwa, mtaa mzima ukisikia. Watu wa karibu walikuwa wakipita mbio juu ya baiskeli zao, wakinipigia kengele kunisalimu, na vitumbua vyangu vikipoa. Kengele zile ziliniuma kuliko matusi.

Hata hivyo, msimu wa asali ulipofika niliwasha jiko. Mume wangu alisimama kando, mikono kifuani, akisubiri nikubali alibebe jiko kulipeleka sokoni.

Akatokea mzee wa asali kutoka misituni, mbali kupita Kwihara, ambaye huja mjini mara moja tu kwa mwaka. Alikuja kasi, madebe mawili nyuma. Alipofika pale pale pa siku zote akaruka chini, akashika tandiko, akainama, akaanza kusukuma. Barabara tambarare kabisa, naye anasukuma na kuhema. Vijana wawili waliomfuata, nao na madebe yao, walipoona mzee ameshuka, wakashuka. Alipofika mbele yangu ndipo akasimama, akatazama chini, akageuka kutazama alikotoka.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu kwa Kinyamwezi. "Shimo limekwenda wapi?"

"Limeondoka, baba."

Aliegemeza baiskeli, akaketi kwenye kigoda changu kama mwaka jana na mwaka juzi.

"Basi wewe usiondoke," alisema. "Nipe vitumbua, na hawa vijana uwape."

Nikawapakulia vitumbua vya moto, mzee kwanza. Mume wangu alikunjua mikono, akachukua ndoo, akaenda kuteka maji ya chai.