Kitabu cha Nyimbo cha Baba

Nikisikia harufu ya gundi ya uji wa ngano, namwona baba, mwalimu wa Ipogolo, akibandika jalada la kitabu cha nyimbo juu ya kitabu kingine. Ndani kilieleza askari kanzu wa Urusi na jinsi walivyowafanya majirani wachongeane.

“Mtu akiuliza, hiki ni cha nyimbo,” aliniambia.

Jumapili moja balozi wetu wa nyumba kumi alipita akienda kanisani. “Kamwene, binti. Changu nimekisahau. Niazime cha nyimbo cha baba yako.” Nikampa, kwa mikono miwili, kama nilivyofunzwa.

Wiki mbili baba hakula vizuri. Balozi alipokirudisha alisema tu, “Nyimbo nzuri, mwalimu,” akaenda zake. Ukurasa mmoja ulikuwa umekunjwa pembe: ule wa mtu aliyefungwa kwa neno la jirani yake.

“Anatuonya au anatutisha?” mama alinong’ona.

Baba aliinyoosha ile pembe kwa kidole, akafunga dirisha, akanigeukia.

“Na wewe,” aliniuliza taratibu, “ukienda kisimani, balozi huwa anakuuliza nini?”