Kikombe cha Padre

Padre wa kisiwa chetu hujifuta viganja kwenye kanzu kabla ya kushika kikombe, kama mtu anayetaka kubeba kioo. Haimsaidii. Ugonjwa wa kutetemeka umemkaa mikononi, na kila misa divai humwagikia kitambaa cha altare. Bibi Tsuruyo ndiye mfuaji, na maji ya kwanza huyamwaga chini ya mti wa kamelia, maana Damu ya Bwana haitupwi mtaroni. Mti umenawiri kuliko sisi waumini, vikongwe sita.

“Padre, leo tena umeinywesha meza,” Shige, mmoja wetu sita, humtania.

Naye hucheka, sauti yake ya kukwaruza ikipanda: “Makuhani wa zamani walileta mwanakondoo. Yesu alijileta mwenyewe! Raha gani inapita hiyo?”

Kisha barua ya askofu ikafika: Jumapili hii ni misa yake ya mwisho, kisha apelekwe kwenye nyumba ya wazee, wala hatakuja padre mwingine. Jumapili hiyo kikombe kilikataa kabisa kuinuka.

“Sina tena cha kuleta,” alinong'ona.

Tsuruyo akapanda altareni akiwa na soksi tu miguuni, akaweka mikono yake chini ya ile ya Padre. “Si ulete mikono hiyo hiyo inayotetemeka? Au ulikuwa unatufundisha sisi tu?”

Kikombe kikapanda. Padre alicheka, machozi yakimtoka.

Mchana Tsuruyo alifua kitambaa ambacho hakikuwa na doa hata moja. Maji akayamwaga penye kamelia vilevile, akabaki amesimama na beseni tupu, hajui Jumapili ijayo atafua nini.