Chupa Niliyoisahau kwenye Bodaboda

Jana Jumamosi, saa kumi na mbili na robo asubuhi, ndipo nilipojiharibia. Mimi na Baba tunapenda mno kukimbia, ila yeye huvaa bukta fupi ya enzi zake za shule, nami naona aibu. Kwa hiyo yeye hutangulia, mimi nafuata, tunakutana juu ya kilima, getini kwa kanisa.

Jana, Baba aliponiamsha, nilirudi kulala kidogo, nikachelewa. Nikapanda bodaboda, nikashukia kwenye kona ya migomba, nikamalizia kwa miguu. Jasho sina! Nikajipaka umande wa majani usoni.

Baba akatazama saa. "Dakika kumi na mbili tu kutoka nyumbani!" Akamwita mzee wa kanisa aliyekuwa akifagia. "Mzee, hebu njoo umwone binti yangu! Leo leo nampigia mwalimu wa michezo, aingie timu ya shule."

"Shikamoo," nikasema, macho chini. Ningekiri pale pale, lakini Baba alikuwa ameshatoa simu, anacheka kama mtoto.

Pikipiki ikanguruma nyuma yangu. "Dada, umesahau chupa yako ya maji!"

Jamani, kati ya bodaboda wote wa Tengeru, mimi nikampata mwaminifu!

Baba akapokea chupa. Akanifuta umande shavuni kwa kidole, akarudisha simu mfukoni. Tulishuka kwa miguu mpaka nyumbani.

Leo alfajiri hakuja kuniamsha. Mimi ndiye niliyegonga mlango wake.

"Baba, amka, leo tunatoka pamoja. Na ile bukta uvae."