Taa ya Vidole Viwili

Harufu ya risasi ya kuungia nyaya ikiyeyuka kwenye msumari wa moto hunirudisha kijijini Ulemo, uani kwetu, msimu wa vitunguu, alasiri ndefu ambazo nilisinzia macho wazi. Dada yangu Neema, aliyekuwa kidato cha tatu, alikuwa amebomoa redio mbovu na kutoa transista mbili, vijidude vyenye miguu mitatu. Aliniambia umeme mkubwa husimama mlangoni mwa transista hadi umeme kidogo uingie kwa mguu mwingine na kuufungulia. Akaziunga kwa kufuatana, na taa ndogo mwishoni. Moja ikifunga, basi, giza. Nilifumba macho nikauona umeme ukijikusanya na kusubiri, kama maji ya mfereji wetu.

Na mfereji huo ndio uliokuwa ukituumiza. Maji yalipita kwanza mlango wa ubao wa baba mkubwa, kisha wa baba, ndipo yafike kwenye vitunguu vya mama. Ndugu hao wawili walikuwa wamenuniana kwa ajili ya mpaka wa shamba. Baba mkubwa akifunga, tunakauka. Akifungua, baba naye anafunga, eti maji ya hisani hayataki. Mama alivitazama tu vitunguu vikinyauka. Nilimwonea huruma mpaka nikawachukia wote wawili.

Jioni moja baba mkubwa alikuja uani kumdai baba jembe lake. Neema akamwamkia, "Shikamoo baba mkubwa," akamsogezea kigoda karibu na zile transista zake. "Lowesha vidole, ushike hizi nyaya mbili za transista hii. Na wewe baba, shika hizo nyingine za ile ya pili." Labda kwa kuwa aliyeomba ni mtoto, walishika. Taa ikawaka, nyekundu, hafifu. Baba mkubwa akainua kidole, ikazima. Akakirudisha. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia. Walikaa hivyo mpaka ugali ukapoa, na kesho yake maji yakafika kwa mama.

Siku hizi natengeneza kompyuta Singida mjini, na ndani ya kila moja zimo transista nyingi kuliko punje za mtama ghalani kwetu. Kule nyumbani kila mtu ana pampu yake ya sola. Mfereji umeota majani, vitunguu vinastawi. Baba mkubwa alipofariki, baba alipata habari kwa simu, kutoka kwangu huku mjini, ilhali nyumba zao zinatazamana.