Kipande Kilichopita Wakati wa Alasiri

Enzi zetu pale Kasulu, picha haikutazamwa na mtu mmoja aliyejifunika shuka. Tulibanana kwenye kibanda cha video cha Mzee Sefu, kiingilio yai moja kwa mtoto, jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta na harufu ya petroli ikichanganyika na ya karanga za kuchemsha. Mama akituona tunatoka na yai alisema, "Haya, nendeni mkafundishwe uongo."

Mzee Sefu alikuwa na sheria mbili. Adhana ikilia, runinga inazimwa naye anakwenda kuswali. Ya pili, deki haiguswi, kwa sababu aliamini ukiisimamisha ikiwa ya moto inakula mkanda. Kwa hiyo yeye akiwa msikitini, sisi tukikodolea kioo cheusi, picha iliendelea kwenda zake. Kila picha ya mchana tuliiona na pengo katikati, tukazoea.

Siku ninayoisema, ilikuwa picha ya jasusi ambaye binti yake ametekwa na maadui. Mtoto amefungwa kamba chini ya nyumba, mlango wa chuma, mlinzi ana bunduki. Kibanda kizima kimya. Pembeni yangu Odetha, tuliyesoma naye darasa la tano, alikuwa ameng'ang'ania mkono wangu mpaka kucha zinaniuma. Baba yake alivuka mpaka wa Burundi pale Manyovu kwenda kuuza maharage, akasema atarudi Jumapili, na zilikuwa zimepita Jumapili tano. Watu wazima walinong'ona kwamba ametekwa njiani, na Odetha akitokea walibadilisha mazungumzo. Mimi niliogopa hata kumtazama.

Adhana ya alasiri ikalia. Runinga ikazimwa.

Ilipowashwa tena, yule binti alikuwa kwenye gari la baba yake, anacheka. Watu wakampigia jasusi makofi: steringi hafi! Odetha akainuka, akaenda kuziba kioo kwa mwili wake.

"Ametokaje?"

"Kaa chini wewe!" wakafoka wa nyuma. Maganda ya karanga yakaanza kumwangukia.

"Sikai! Mlango ulikuwa umefungwa. Rudisheni nyuma!"

Mzee Sefu akachuchumaa mbele yake. "Mwanangu, petroli iliyobaki ni ya kumalizia tu. Na mkanda unaondoka na basi la Kibondo leo hii." Alisema taratibu, maana naye alizisikia habari za Manyovu.

Odetha akatoka, nikamfuata. Nje akaniuliza, "Na data, yeye atatokaje?" Data ndiyo baba kwa Kiha chetu.

Miaka iliyofuata tulilihangaikia lile pengo kisimani na shambani. Nikisema binti alikata kamba kwa meno, Odetha anauliza, na mlango je? Nikisema baba yake alijifanya muuza mkaa, anauliza, nyumba aliijuaje? Baba yake hakurudi. Nami, Mungu anisamehe, nilimchukia Mzee Sefu kwa kwenda kuswali.

Mwezi uliopita mwanangu aliipata ile picha kwenye simu, kwa muda wa kumenya ndizi moja. Alitaka kuirukaruka kwa kidole, maana watoto wa leo picha ya saa mbili wanaimaliza kabla ugali haujaiva. Nikamnyang'anya. Nilikitazama kipande cha alasiri. Magari yanafukuzana. Jasusi anakunywa kahawa na bosi wake. Kisha binti yuko kwenye gari, anacheka. Hakuna mlango uliofunguliwa popote. Mzee wa watu tulimsingizia bure.

Nikaisimamisha, nikampigia Odetha, ambaye siku hizi anauza vitenge Kibondo. Nikamweleza yote niliyoyaona.

"Kumbe hata walioitengeneza picha hawajui alitokaje," akasema. "Miaka yote hii nilidhani ni mimi tu niliyenyimwa kipande."

Mwanangu akaniuliza picha imeishaje. Nikamwambia sijaona, nikamrudishia simu yake arudishe nyuma atazame. Wao wanaweza. Enzi zetu, kilichopita wakati wa adhana kilikuwa kimepita.