Kompyuta ya Mama Ilipokuwa Ikichemka

Sisi tuliokulia Songea wakati kompyuta ikifunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni, tulikuwa na kitu ambacho vijana wa leo hawanacho: tuliiogopa mashine. Ukitoka shule miguu imejaa vumbi jekundu na vidole vinanata utomvu wa masuku, yale matunda ya porini, hukuthubutu kuisogelea kabla hujanawa kwa sabuni. Tulicheza rede na kombolela mpaka magoti yakachubuka, tukarudi nyumbani kula kande au ugali na dagaa wa Nyasa, lakini macho yetu yalikuwa kwenye chumba cha mbele, mama alikokuwa akichapa.

Chumba hicho, kwenye nyumba yetu ya Msamala, ndicho kilichokuwa ofisi yake. Mama alisomea uhazili enzi za taipureta, na alipochapa ungedhani mvua inaanza kudondoka juu ya bati. Kompyuta ilipokuja, kubwa, ya mezani, iliyokwisha kutumika na wengine, alijifunza peke yake. Kila hatua aliiandika kwenye daftari: bonyeza hapa, subiri, kisha pale. Watu walimletea barua za maombi na risala za harusi. Mwaka ule walimu wakuu wa shule kadhaa walimkabidhi mitihani ya majaribio ya darasa la saba. Hakujisifu kwa mtu, ila alianza kufunga mlango wa ofisi kwa ufunguo.

Kaka yangu Gaudensi alikuwa kidato cha tatu, mimi niko darasa la sita. Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na mchezo wa mbio za magari ambao ulikuwa ukikwama kila kona. Mimi ndiye niliyemsumbua. Nilimwambia, "Wewe si unasema unajua kompyuta?" Jumamosi moja mama alipokwenda kusali jumuiya akasahau ufunguo mlangoni, Gaudensi aliiwasha, akabonyeza kitufe kabla haijawaka sawasawa, ikatokea skrini ya bluu yenye maandishi mengi. Humo akapandisha mwendo wa prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, kupita ule uliopangwa kiwandani. Magari yakakimbia kama yanafukuzwa. Tulicheka mpaka tukaziba midomo kwa mikono.

"Usimwambie mama," alisema. Sikumwambia.

Jumatatu mashine ilizimika mama akiwa katikati ya mtihani wa hisabati. Kwanza alilaumu umeme, maana wakati ule umeme wetu ulikuwa wa kuja na kuondoka. Lakini taa ilikuwa inawaka. Aliiwasha tena, akachapa upya yaliyopotea, ikazimika tena. Alipogusa ubavu wa boksi lake alikuta joto kama la chungu kilichotoka jikoni. Basi akafungua madirisha yote. Ilikuwa Juni, na mnaijua baridi ya Songea ya Juni. Mama alichapa akiwa na sweta mbili, upepo unapeperusha karatasi, feni ya kuazima inavuma kuelekea kwenye kompyuta. Ilizimika vilevile.

Jumatano nilikuwa uani nachambua maharage nikamsikia akizungumza na jirani yetu, Mama Dafrosa.

"Labda mimi nilikuwa wa taipureta tu," alisema. "Hii imenishinda. Kesho kutwa wanakuja kuchukua mitihani, sijui nitawaambia nini."

Nilimtazama Gaudensi. Alikuwa ameshika ndoo, akainama kama anayetafuta kitu ndani yake.

Siku iliyofuata mama alimwita Mzee Swalehe, fundi redio aliyehamia mjini kutoka Namtumbo. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia bila kututazama, akafungua boksi. Ndani kulikuwa na vumbi lililoganda kama sufi ya mto. Alilipuliza kwa pampu ya baiskeli. Akang'oa feni pamoja na kile chuma chenye mapezi kinachokaa juu ya prosesa kuipoza, akatuonyesha kwamba dawa nyeupe ya kupitisha joto iliyopakwa kati yake na prosesa imekauka kama chokaa. Akaikwangua, akapaka nyingine aliyokuwa akitumia kwenye amplifaya, akarudisha kila kitu. Feni ilizunguka vizuri. Mama akachapa, sote tumesimama nyuma yake. Haikufika nusu saa, skrini ikawa nyeusi.

Mzee Swalehe hakukasirika. Aligusa kile chuma, akarudisha kidole haraka.

"Mama Gaudensi," alisema, "kitu kikichemka ni moja kati ya mawili. Ama hakipozwi, ama kinabebeshwa mzigo kuliko nguvu zake. Kupoza tumemaliza. Nani kaiongezea mzigo?"

"Ni mimi tu ninayeigusa," mama akajibu taratibu. "Basi ni mimi."

Alivyolitamka lile neno, nilishindwa kuvumilia.

"Ni sisi, mama."

Gaudensi akaeleza yote. Tulisubiri fimbo. Mama akavuta kiti kando yake, akamwambia, "Kaa. Nionyeshe." Hakukubali Gaudensi aguse kitu. Alimtaka ataje kitufe, yeye abonyeze. Ukurasa uleule wa bluu ulikuwa pia unaonyesha joto la prosesa, na kaka alikuwa akilijua hilo wiki nzima. Mama aliurudisha mwendo wa kiwandani kwa kidole chake mwenyewe, akaukodolea macho ule mstari wa joto, namba zikishuka moja moja. Akafungua daftari, akaandika. Mzee Swalehe aliaga kwenda kuswali, na vidole vya mama vilikuwa vimeshaanza kulia kama mvua. Mitihani ilichukuliwa kesho yake, imekamilika.

Hakutuchapa. Alisema tu, akiwa anafunika mashine, "Wiki nzima mmeniacha nijione mjinga, na mnajua si mimi. Mashine ingeungua ningenunua nyingine." Gaudensi ana watoto wanne sasa, na bado hawezi kuisimulia habari hii mpaka mwisho.

Leo watoto wetu simu ikiwachemkia mkononi wanasema imezeeka, wanataka mpya. Wale wachache wanaojua, wanajua kweli. Mwezi uliopita kompyuta ya binti yangu, hapa Ruhuwiko tunakoishi, ilianza kuzimika. Naye alikuwa ameiongezea mwendo kwa ajili ya michezo yake. Alijifungia chumbani, akatazama joto la prosesa, akasafisha, akapunguza mwendo, yote kabla chai haijapoa. Hakumwita fundi, hakumficha mtu, hakumwomba mtu msamaha. Nilifurahi. Hata hivyo nilijikuta nimesimama mlangoni mwake nimeshika kikombe, nikisubiri labda ataniuliza jambo.

Aligeuka, akaniona.

"Mama, ulikuwa unataka kitu?"

"Hapana," nikamwambia. "Nilikuwa napita tu."