Mlio Unaosubiriwa Chumba cha Pasi

Saa moja asubuhi chumba cha pasi cha hospitali kimeshajaa mvuke. Ukutani, juu ya meza ya mwisho, simu ndogo imening'inizwa ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa fundo ili unyevu usipenye. Mwenye simu ananyoosha shuka la wodi, anapitisha pasi, anakunja, anachukua jingine. Kila baada ya shuka kadhaa anainua macho na kuutazama ule mfuko.

Hapa wanamwita Mama Pasi. Hata daktari mkuu, ambaye makoti yake hayaguswi na mtu mwingine, anamwita hivyo hivyo. Ni mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mwembamba, mwenye mikono iliyokomaa kwa joto na ulimi usiokosa jibu.

Anasubiri marejesho ya kodi. Alikatwa kodi kupita kiasi, akaomba arudishiwe, ofisi ikakubali na kumwahidi kwamba pesa itaingizwa moja kwa moja benki.

"Waliniambia mwezi mmoja," anasema bila kuacha kunyoosha. "Huu ni wa tano. Ingekuwa mimba, mtoto angeshaanza kucheza."

Katika chumba hiki simu yake tu ndiyo inayoruhusiwa kulia. Hakuna bosi aliyeagiza hivyo. Siku moja simu ya mwenzake ilitoa mlio wa ujumbe, Mama Pasi akageuka mbio kutazama mfuko wake, na pasi ikabaki imelala juu ya koti la daktari. Koti lilitoka na alama ya pasi mgongoni, nzuri kabisa, kama imechorwa.

Tangu hapo kila anayeingia anazima sauti ya simu yake mlangoni. "Tukaona bora ya kulia iwe moja," anasema mwanamke wa meza ya pili, ambaye wote humwita Jirani. "Ikilia, tujue ni yenyewe."

Mpaka sasa zimelia ofa za kampuni ya simu tu. "Wananiambia nimekaribia kushinda gari," anasema Mama Pasi. "Nikilishinda nitaliegesha wapi, kitandani?"

Kwa miaka minane alikuwa na kazi mbili. Asubuhi alikuwa hapa, na kuanzia saa tisa alasiri alikuwa kwenye chumba cha pasi cha hoteli moja. Hoteli ilimkata kodi kwa kiwango cha juu kwa sababu ajira ile ilihesabiwa kuwa ya pili, ingawa mishahara yake yote miwili ikijumlishwa haikufikia kiwango hicho. Aliyegundua ni mhasibu wa hoteli, tena katika wiki za mwisho hoteli ikiwa inafungwa.

Kiasi anachodai ni karibu mishahara yake mitatu ya hospitali. Mshahara wenyewe, anasema, hauna historia ndefu. Nusu inakwenda kwa mwenye nyumba, inayobaki inakwenda dukani alikokopa, na zikibaki siku kumi mwezi uishe wanabaki kutazamana yeye na sufuria.

Lakini pesa hizi hazisubiriwi na sufuria. Hoteli ilipouza vitanda, viti na mapazia, ilibaki mashine moja ya pasi ya mvuke, ile yenye mdomo mpana unaofungwa kwa kukanyaga chini. Ndiyo aliyoitumia miaka yote minane. Meneja amekubali kumwekea mpaka mwisho wa mwezi huu, naye Mama Pasi ameshapata chumba kidogo cha kupanga mkabala na gereji. Anataka kufungua duka lake la kufulia na kunyoosha nguo.

"Ile mashine naijua hadi inavyokohoa," anasema. "Akiichukua mtu mwingine ataiua. Na mimi nitamalizia uzee wangu nikikunja shuka za watu."

Kwenye ofisi ya kodi amekwenda hadi walinzi wanamsalimia kama mfanyakazi. Mara ya mwisho karani alimgeuzia kioo cha kompyuta ajionee mwenyewe.

"Mama, hapa inaonyesha pesa imeshatumwa."

"Imetumwa kwa nani?"

"Kwenye akaunti uliyotuandikia. Nenda benki ukaulize."

"Mwanangu, simu hii nalala nayo chini ya mto. Ingekuja ningeisikia."

Aliporudi na jibu hilo, chumba cha pasi kilitoa hukumu papo hapo, na Jirani ndiye aliyeisoma. Wameila. Wameila na vocha wamenunua, alisema, wewe kaa hapo na mfuko wako wa nailoni.

Mwandishi wa makala haya alimuuliza swali ambalo, inaonekana, hakuna aliyemuuliza kabla. Kwa nini hakwenda benki?

Mama Pasi alinyoosha shuka moja, akanyoosha la pili, akaisimamisha pasi.

Mshahara wake, alieleza, huingia kwenye simu. Umeme analipia kwenye simu, mchango wa harusi anautuma kwa simu. Kwake yeye pesa ikija inalia, na isipolia haijaja. Akaunti ya benki ya peke yake hajawahi kuwa nayo. Siku ya kujaza maombi, mwenye duka la kuchapisha aliyemjazia fomu alimuuliza namba ya akaunti, naye akataja ile aliyokuwa nayo kichwani.

"Namba hiyo naijua kuliko siku niliyozaliwa," anasema. "Ni akaunti ya mama."

Waliifungua wawili, yeye na dada yake mkubwa, mama yao alipoanza kuugua. Kila mwisho wa mwezi kila mmoja aliweka alichojaliwa, na pesa haikutoka mpaka wote wawili waweke sahihi. Mama alifariki miaka miwili iliyopita. Jioni ya maziko, vyombo vya wageni vikiwa bado havijaoshwa, dada mtu akasema kuna aliyekuwa akichangia na kuna aliyekuwa akichangia maneno.

"Nikamjibu neno ambalo gazeti lako haliwezi kuliandika," anasema Mama Pasi. Hawajaongea tena. Dada ni mpishi wa shule upande wa pili wa mji huu huu.

Basi ujumbe wa benki ulikuwa umesajiliwa kwa simu ya nani?

Hapo Mama Pasi alishika ukingo wa meza. "Ya dada," alisema taratibu. "Wakati ule simu ya maana alikuwa nayo yeye."

Jirani alikaa juu ya furushi la shuka. "Kwa hiyo siku zote hizi sisi tumeziba midomo ya simu zetu," alisema, "kumbe mlio uko jikoni kwa dada yako."

Wenzake walicheka, naye akacheka nao, halafu machozi yakamtoka na hakuyaficha. Alisema amewasema vibaya watu wa kodi bure. Alisema pia kwamba huenda moyoni alikuwa anajua, ndiyo maana miguu ilikuwa inamwelekeza kila ofisi isipokuwa benki.

Kupiga simu alikataa. "Nimpigie nimwambie nini? Miaka miwili sijamjulia hali, leo namtafuta kwa ajili ya hela? Ataniona mtu wa namna gani?" Wakamshauri, wakamsihi, Jirani akamtukana kidogo kwa upendo. Hakukubali.

Aliyemaliza ubishi ni mlinzi wa hoteli. Saa nne, wakati wa chai, simu ililia ndani ya mfuko na vikombe vyote vikasimama hewani. Alikuwa anamtaarifu kwamba kuna mtu ameikagua mashine, ameipenda, na Jumatatu anakuja na fedha mkononi. Meneja amesema akichelewa Mama Pasi, asimlaumu mtu.

Mama Pasi alinawa uso. Akaitoa simu kwenye nailoni, akabonyeza namba ambayo nayo hakuhitaji kuitafuta, akaweka sauti ya nje, akailaza juu ya meza. Ilipokelewa kabla haijaita vizuri.

"Shikamoo, dada."

Upande wa pili ulisikika mfuniko wa sufuria ukiwekwa chini.

"Marahaba."

"Dada, mimi..."

"Pesa zako zimeingia," dada alisema. "Wiki ya tatu sasa. Wameandika marejesho ya kodi. Kusoma najua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ulisema nisikutafute mpaka siku ya kukuzika." Ndilo lilikuwa lile neno. Jirani alitazama chini. "Kila asubuhi naichukua simu, naiweka. Nikajiambia, ikifika Jumamosi hajapiga, nakwenda kumsubiri getini hospitali, anifukuze mbele za watu kama anataka."

"Nilisema vibaya, dada. Ulikuwa uchungu wa mama."

"Na mimi nilisema vibaya. Hela za mama hazikuwa za kuhesabiana. Nilikuona ulivyokuwa unatembea kwa miguu kuja kuziweka." Kisha, baada ya kupenga kamasi bila aibu, akauliza, "Umekula?"

"Bado."

"Nilijua. Kula, halafu Jumamosi tuonane benki."

Jumamosi asubuhi wako kwenye benchi la benki, dada mnene na mdogo mwembamba, mkoba mmoja mkubwa katikati yao. Wamefika kabla milango haijafunguliwa. Mambo ya maziko hawajayagusa. Wanazungumzia magoti yao, bei ya mkaa, na binamu mmoja aliyeoa tena.

Kwenye kaunta kunatokea kikwazo. Ofisa anarudisha karatasi, anasema sahihi ya Mama Pasi hailingani na ya kwenye faili. Anajaribu tena, inakataliwa tena. Jasho linaanza kumtoka, Jumatatu iko karibu.

Dada anainama juu ya karatasi. "Ulikuwa unaanza na mkia," anasema. "Mrefu, unarudi nyuma kama wa panya. Mama alikuwa anakucheka."

Mama Pasi anaweka mkia. Ofisa anatazama faili, anatazama karatasi, anagonga muhuri.

Pesa ya mashine inahamishwa pale pale kwenda kwa meneja wa hoteli, na risiti anaikunja kwa pande nne sawasawa, kwa mazoea ya kazi. Mipango yake anaieleza kwa haraka, kama anayeogopa itapoa. Mwezi ujao atalipia chumba cha karibu na gereji. Asubuhi ataendelea na hospitali, mchana atakuwa dukani kwake. Wateja wa kwanza ameshawapata, aproni za wapishi wa shule na vitambaa vya meza vya ukumbi wa shule hiyo, ambavyo dada anasema hunyooshwa na mtu asiyejua kazi.

"Na makoti ya daktari?" mwandishi anauliza.

"Yule hakai bila mimi," anasema. "Hata lile lenye alama analivaa."

Kiasi kidogo kimebaki, na ofisa anauliza kama akaunti ifungwe. Wote wawili wanasema hapana kwa pamoja. Basi angalau wabadilishe namba ya simu, ofisa anashauri kwa nia njema kabisa, ili pesa ikiingia tena ujumbe uende kwa mwenyewe na usumbufu huu usijirudie.

Mama Pasi anaishika simu yake, leo haina mfuko. Anaitazama kaunta, anamtazama dada yake anayejifanya kutafuta kitu mkobani.

"Hapana, iache iende kwake," anasema. "Ikiingia, atanipigia."